Baiskeli ya Kulala na Mkono wa Baba Mkwe

Watu wa Kitengela waliipa baiskeli yangu majina mengi. Wengine waliiita machela, wengine kitanda cha hospitali, na fundi mmoja wa viatu karibu na soko aliiita jeneza bila kifuniko, halafu akacheka peke yake mpaka akajidunga sindano. Mimi na mama watoto tuliiita tu baiskeli ya kulala, kwa sababu inaendeshwa hivyo. Unakaa chini kabisa kwa kiti cha turubai, mgongo umeegemea nyuma, miguu umenyoosha mbele, na pedeli ziko huko mbali kupita hata tairi la mbele. Ukiwa ndani yake unaona vidole vyako vya miguu na mbingu. Mtu akisimama kando yako, kichwa chako kinafika kwa mshipi wake. Usisahau hiyo ya kichwa na mshipi, kwa maana hadithi yote imekaa hapo.

Lakini kwanza mgongo. Miaka ya tisini Kitengela haikuwa hii ya magorofa. Ilikuwa barabara, vichinjio, maduka ya mabati, na swara wakipita nyuma ya choo chako asubuhi kama wapangaji. Maji ilikuwa shida. Mimi nilitoka kwetu magharibi, kwa watu wa mahindi, na masomo yangu yaliishia pale mwalimu alipochoka na mimi. Kazi niliyopata ni kubeba maji. Nilikuwa na blakimamba, ile baiskeli nyeusi nzito, mitungi imefungwa huku na huku na mwingine juu, na nilisukuma kutoka kisimani mpaka kwa ploti za watu. Mama watoto alikuwa akileta maziwa kutoka nyumbani kwao, upande wa Kajiado ukishapita Isinya. Yeye ni Mmaasai. Tulikuwa tunapatana kwa wateja walewale, yeye na maziwa, mimi na maji, na wateja wakasema hizo mbili zikikutana kuna mtu anaibiwa. Hakuna aliyeibiwa. Tulioana.

Hapo ndipo shida ilianza. Nilienda kwa baba yake kujitambulisha, nimevaa koti la kuazima, nikanyoosha mkono. Mzee akauangalia ule mkono kama mtu anayeangalia kwato ya ng'ombe mgonjwa.

"Wewe unafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Nabeba maji, mzee."

"Hapa kwetu maji inabebwa na wanawake na punda," akasema. "Wewe si mwanamke. Na mimi sisalimii punda."

Mkono wangu ulibaki hapo nje. Mkono ukibaki hivyo unakuwa mrefu sana, hujui pa kuuweka. Nilijikuna nao kichwa.

Sasa, kwa hao watu, mtoto hampi mzee mkono. Analeta kichwa. Anainama, mzee anaweka kiganja juu ya utosi, anasema "Supa," na mtoto anajibu "Ipa." Hata msichana akiolewa akazaa, akirudi kwa baba yake analeta kichwa. Mama watoto siku ile alikuwa bado hajasalimia, alikuwa ameshika mkoba wangu mlangoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, kama mkono wako hauna salamu ya huyu, hata mimi sitaleta kichwa." Tukatoka. Hakulia njiani. Alilia tulipofika, akiwa anachuja chai, akasema ni moshi.

Miaka ikapita hivyo. Alikuwa na kina mama wa kanisani, alikuwa na majirani kutoka Murang'a na Kakamega, alikuwa na watoto wetu. Lakini siku za soko, akiona mzee yeyote wa kwao akigusa kichwa cha mtoto, alikuwa anainua mkono na kujipapasa utosi wake. Hakujua anafanya hivyo. Mimi nilikuwa najua.

Halafu ikaja mvua ile ya Elnino. Kama hujui udongo mweusi wa Kitengela ukilowa, shukuru Mungu. Unashika tairi kama ugali unavyoshika sufuria. Nilikuwa nateremka na mitungi imejaa, mbele ikakwama, nyuma ikaendelea, na mitungi yote ikanikalia mgongoni. Sikufa, lakini kukaa wima kuliisha. Kiti cha baiskeli, hapana. Benchi la kanisa, hapana, nilikuwa nasikiliza mahubiri nikisimama nyuma kama askari, na mhubiri mgeni mmoja akanifikiria mimi ndiye mlinzi akaniagiza nikamwangalizie gari. Nilimwangalizia. Gari la kusafiri nalo nilijaribu mara moja, nikashushwa njiani kama gunia la viazi, nikilia mbele ya watu.

Nikawa naziba pancha kando ya barabara, nimelala kiubavu juu ya gunia. Hapo ndipo aliletwa na Mungu, au na msumari, mzungu mmoja mrefu mwembamba aliyekuwa akitengeneza pampu za upepo kwa visima vya huko chini. Alikuja juu ya hicho kitu. Nilidhani ameanguka. Kumbe ndivyo anaendesha! Nikaziba pancha yake, naye akaangalia vile nimelala. Akauliza, "Mgongo?" Nikasema, "Mgongo." Akaonyesha kiti chake cha turubai. "Kaa." Nikakaa. Ndugu yangu, nilikuwa nimesahau vile mtu anakaa bila uchungu. Nilibaki hapo nimefunga macho mpaka yule mzungu akaangalia saa. Baadaye kazi yake ilipoisha na akarudi kwao, aliniachia.

Kujifunza kulikuwa aibu. Ukianza kuendesha inayumba kama ndama aliyezaliwa leo, na huwezi kusimama juu ya pedeli, kwa hivyo mlima unaupanda polepole kama kinyonga. Mbwa wanakubwekea usoni kabisa, unanusa walichokula. Mbuzi wanakuangalia jicho kwa jicho na wanaonekana kukudharau. Jua linakupiga tumboni na usoni, kwa hivyo kofia ni lazima. Cheni yake ni ndefu ajabu, ilipokatika niliiunga na cheni ya blakimamba yangu, na nilifurahi kwamba yule mzee mweusi bado ananivuta. Na uzuri wake? Upepo. Ule upepo wa uwanda wa Athi unaowasukuma watu wa blakimamba mpaka washuke, mimi ulikuwa unanipita juu. Nilikuwa nawapita vijana wanatoa jasho, mimi nimelala.

"Buda, umelala ama unaenda?" wananipigia kelele.

"Nalala nikienda!"

"Na hiyo kitanda iko na shuka?"

"Iko! Angalia juu!"

Hiyo ilikuwa bendera, kwa sababu madereva wa malori ya simiti hawakuwa wananiona, na mama watoto alikataa katakata nitoke bila bendera. Alikata kipande cha shuka yake nyekundu, ileile aliyotoka nayo kwao, akakifunga juu ya fito ndefu nyuma ya kiti. "Wakikukanyaga," akasema, "angalau wajue wamekanyaga mtu wa watu."

Basi, siku moja ya soko ndugu yake alikuja kuuza kondoo na akapitia kwetu. Akanywa chai, halafu akasema, "Macho ya mzee yameenda. Anatambua jua na giza tu. Anashika watoto vichwa anauliza huyu ni wa nani." Akageuza kikombe. "Juzi alishika kichwa cha mtoto wangu akamwita kwa jina lako, dada."

Mama watoto akaendelea kukunja nguo. Ndugu yake akamwambia apande pikapu waende naye jioni hiyo hiyo. Akasema, "Sitapita lile lango bila baba watoto. Nilishasema. Na yeye hawezi kukaa kwa gari."

Nikasema, "Niko na kitanda."

Wakaniangalia wote wawili. Toka hapo mpaka kwao si karibu, wewe uliza mtu yeyote wa huko. Nilikuwa sijawahi kutoka na hiyo baiskeli kupita vichinjio. Lakini mke wangu alikuwa amejipapasa utosi palepale, mbele ya ndugu yake, na mimi nikaona.

Ndugu yake akalala kwetu, na asubuhi yake mama watoto akapanda naye pikapu; tulikuwa tumepatana aningoje pale barabara ya vumbi inapoachana na lami. Mimi nilikuwa nimetoka alfajiri. Sitasema haikuwa ngumu. Nilisimama kwa kila mti wenye kivuli, na miti si mingi. Lakini asubuhi ile mlima Kilimanjaro ulikuwa umejifunua wote, na kwa baiskeli ya kulala huhitaji kuinua kichwa, unaletewa mlima usoni kama chai kitandani. Nilipika maneno njiani. Nilikuwa nimejifunza Kimaasai cha kutosha kusema, "Mzee, nimekuja kwa heshima." Nikarudia na kurudia, nikipiga pedeli kwa kuyafuata.

Nilimkuta mama watoto amekaa juu ya jiwe pale njia panda, na kitenge kipya. Akashika fito ya bendera akatembea kando yangu mpaka bomani, kama mtu anayepeleka ng'ombe wa mahari.

Tukaingia. Mgongo ulikuwa umekauka kwa ile safari, nikajaribu kusimama nikashindwa. Nikabaki nimelala kwa kiti katikati ya boma la mkwe wangu, kofia nimeitoa kwa heshima, na watoto wakatoka kila nyumba. Waliona mgeni mzima, mwenye mvi, wakajua adabu yao: kupeleka vichwa. Lakini watapelekaje? Wakiinama, vichwa vyao bado viko juu ya changu! Walisukumana, wakacheka, halafu msichana mmoja mwenye akili akachuchumaa, na wengine wote wakachuchumaa kwa mavi ya ng'ombe, kunizunguka, nikaanza kugusa. Supa. Ipa. Supa. Ipa.

Mzee akasikia sauti za watoto. Akatoka na fimbo yake, taratibu, akapapasa hewa mpaka akafikia kundi. Naye akaanza kusalimia. Mkono wake ukashuka kwa kichwa cha kwanza. "Supa, layioni." Layioni ni kijana mdogo, ambaye bado hajatahiriwa. "Ipa," mtoto akajibu. Kichwa cha pili. Cha tatu. Halafu mkono ukaja kwangu.

"Supa, layioni," akasema.

Maneno yangu yote niliyopika kwa lami yalikimbia. Nilikuwa na mke na watoto na mvi, na mzee ananiita layioni. Mtu mwingine angeruka. Mimi nilisikia tu kile kiganja, kikavu, chenye joto, na mdomo ukajibu wenyewe.

"Ipa."

Akaniwekea mkono pale, akanitemea mate kidogo, ile ya baraka. Halafu vidole vikaanza kutembea. Vikafika katikati, pale nywele ziliponikimbia zamani.

"Huyu mtoto," mzee akasema, "ako na upara."

Watoto wakafunika midomo. 

"Ni wa nani huyu?"

Mama watoto alikuwa nyuma yangu bado ameshika fito. Sauti yake haikuinama. "Ni yule punda, baba. Mume wangu. Amekuja kutoka Kitengela kwa nguvu ya miguu yake ili mimi nikuletee kichwa."

Mzee hakuondoa mkono. Nilihesabu pumzi zake, nikapotea. Akashuka na vidole kwa uso wangu, kwa bega, akapapasa kiti, cheni, gurudumu, akafika kwa miguu yangu huko mbele na pedeli, akarudi tena nyuma akiwa ameshangaa.

"Amekuja amelala?"

"Amelala, baba."

"Punda halali akitembea," akasema, polepole, kama mtu anayefikiria sheria. "Na mkono ukishaweka baraka kwa kichwa, hauwezi kuichukua tena. Hata kama kichwa kilidanganya." Akagonga fimbo chini. "Mleteeni huyu layioni maziwa. Na wewe, mbona nasikia sauti yako huko mbali?"

Mama watoto akaachilia ile fito. Bendera ikainama ikanifunika uso, kwa hivyo sikuona, na ni sawa, haikuwa yangu kuona. Nilisikia kitenge kipya kikisugua na magoti yakigusa chini. Halafu "Supa," na halafu, chini sana kama msichana wa kuchunga ndama, "Ipa."

Tulienda mara nyingi baada ya hapo, mpaka mzee alipotuacha. Mgongo ulipata nafuu kidogo na nikaweza kusimama mbele yake, nikanyoosha mkono kama mtu mzima. Hakuushika hata mara moja. "Rudi kwa kitanda chako," ananiambia, "ndio nikusalimie vizuri." Na mimi narudi, nalala, navua kofia. Mimi ndiye nilikuwa layioni mwenye mvi nyingi kuliko wote huko Kajiado, na kila mara niliitika.