Nilivyoliliwa Nikiwa Juu ya Ulingo

Jamani, haya nayasema nikiwa nimeinamisha uso. Mkitaka kucheka chekeni tu, maana hata leo nikishuka Garsen kuna mzee mmoja pale madukani (mimi nimeota mvi, yeye hana jino hata la dawa) akiniona hupaza sauti, "Marehemu! Habari za ahera?" Nami huitikia nzuri, nitafanyaje.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Mzungu bado yupo, ndevu zangu ndiyo kwanza zinachungulia, na nilikuwa katika darasa la ubatizo la kanisa letu pale kijijini, chini kidogo ya Golbanti. Mwalimu wetu wa dini aliitwa Mwalimu Yonathani, mtu mpole ambaye hakumpiga yeyote fimbo, lakini akikuuliza swali halafu akanyamaza akikusubiri, ungetamani hiyo fimbo. Tulikuwa tumekariri amri, tumekariri sala, tumekariri majibu yote ya kitabuni, na kwa kukariri mimi nilikuwa moto (najisifu, lakini sifa yenyewe ni hiyo tu katika mkasa huu mzima, niachieni). Basi juma la mwisho Mwalimu akafunga kitabu, akasema:

"Sasa nataka jibu ambalo halimo humu. Mungu amekuleta duniani kwa kusudi gani? Wewe, si jirani yako. Jumamosi kila mmoja akae peke yake, mahali pa kimya, asiseme na mtu, afikiri mpaka jua lifike utosini. Jumapili atasimama mbele ya kanisa atuambie. Asiye na jibu atangoja."

Kungoja maana yake mwaka mzima, na mimi nilishawatangazia watu wote kuwa jina langu litakuwa Danieli. Usiku wa kuamkia Jumamosi sikupata usingizi. Msidhani nilikuwa natania, swali lile lilinishika kweli. Ndugu zangu wawili walikufa wadogo, mama naye akawafuata, nikabaki mimi, nikalelewa na Shangazi Hawayu, mjane ambaye mumewe alichukuliwa na mamba katika mto uliopita kijijini petu alipokuwa akivuta mtego wake wa samaki, na hakuonekana tena hata kidole. Nikawa najiuliza, wote hao wameondoka, mimi nimeachwa ili nifanye nini? Nikageuka huku, nikageuka kule, mpaka jogoo wakawika, jibu sina.

Asubuhi Shangazi akanijia na kanga yake begani. "Komora mwanangu, macho yananiwasha, nakwenda Golbanti kutafuta dawa. Leo utaamia wewe. Mpunga umeiva, hao ndege hawana huruma. Usiniache na mabua."

Nilitaka kumwambia nina kazi ya Mwalimu, lakini nikajiambia, hakuna neno, nitakaa juu ya ulingo nifikiri, na ndege nitawafukuza hapo hapo. Ulingo wenyewe mnaujua, ni jukwaa la miti katikati ya mpunga, lina paa la makuti na mkeka, unakaa pale na kombeo lako na kamba iliyofungwa makopo, ndege wakitua unavuta kamba na kupiga kelele. Kwanza nikafua shati langu jeupe la Jumapili pale mtoni, kando tu ya shamba, nikalianika kwenye kichaka cha ukingoni, na viatu vyangu vya kuazima nikavipanga chini yake, nikapanda ulingoni na shuka tu kiunoni.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu ulivyoanza, kwa kitu kidogo hivi. Kundi la kwanza la ndege lilipotua, nikashika kamba nivute, halafu nikasita. Mwalimu si alisema mahali pa kimya? Nikipiga kelele, Mungu akisema nami nitamsikiaje? Na Mwalimu si ndiye aliyetufundisha kuwa hata ndege Mungu huwalisha? Basi, nikasema, awalishe kidogo (nikasahau kwamba anawalisha kwa mpunga wa Shangazi). Nikaiachia kamba. Nikajinyoosha kwenye mkeka ili nifikiri vizuri, nikafumba macho ili nifikiri vizuri zaidi, na hapo ndipo kufikiri kwangu kulipoishia.

Kilichoniamsha ni kilio. Si kilio cha mtu mmoja, ni cha msiba, wanawake wanapokezana. Nikachungulia kati ya makuti. Ukingo wa mto umejaa watu. Mwalimu Yonathani yuko ndani ya mtumbwi na mzee mmoja mwenye upondo, anachokoa maji. Shangazi Hawayu, kumbe amekwisha kurudi Golbanti, amekaa mchangani, kanga imemwanguka, ameshika shati langu amelikumbatia kama mtoto. Na mbele ya watu amesimama Guyo, Muorma aliyekuwa akileta ng'ombe wake kunywa maji pale, anaeleza kwa mikono miwili:

"Mimi leta ng'ombe, naona shati iko, kiatu iko, mtu hapana. Naita, naita, hapana jibu. Maji napiga chubwi! Mamba kubwa! Mimi nakimbia kwa kijiji."

Watu wakaita, "Komoraaa! Komora weee!" (ulingoni hakuna aliyenidhania, maana makopo yalikuwa kimya na ndege wanakula).

Jamani, ningeitikia pale pale mambo yangekuwa madogo. Ningesema niko hapa, nikatukanwa, tukaenda kula. Koo langu lilikuwa tayari. Lakini mama mmoja wa kanisani akasema, "Kijana yule alikuwa na adabu, sijaona," na Mwalimu kutoka mtumbwini akaitikia kwa sauti ya kukatika, "Alikuwa wa kwanza darasani kwangu. Kesho nilitaka aanze yeye," na masikio yangu yakasimama kama ya sungura. Nikasema, ngoja nisikie hili tu, halafu nashuka. Wakasema lingine. Nikangoja na hilo. Sikuwahi kusifiwa hivyo maishani mwangu! Hata Shangazi, ambaye kila siku aliniita mzito kama gogo la maji, alikuwa akilia, "Mwanangu hakuwa na uvivu, mwanangu nilimtuma akaenda, maji haya yamenimaliza mume, sasa yamenimaliza mtoto." Nami nimelala kwa tumbo, kidevu mkononi, nasikiliza. Kilio kile kilikuwa cha kunitoa machozi na kunishusha mbio. Lakini kilinipendeza. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, hayo mengine ni ya kuchekesha tu.

Kisha nikasikia mtu amejitosa. Alikuwa Jilo, mwenzangu wa darasani, kijana mkimya aliyekuwa wa mwisho kukariri kila kitu. Amevua kanzu, ameruka katika maji yale yale ambayo Guyo alisema yana mamba, anazama ananitafuta kwa mikono. Akaibuka, akavuta pumzi, akazama tena. Mara ya pili hakuibuka upesi.

Nikaruka wima juu ya ulingo, nikapayuka, "Niko hapa! Jilo toka! Niko hapa!"

Sasa fikirini wao waliona nini. Mtu waliyekuwa wakimlilia amesimama juu hewani, amejifunga shuka nyeupe, anapunga mikono. Wanawake wakatawanyika huku na huku, mmoja akapita katikati ya ng'ombe wa Guyo, ng'ombe wakashtuka wakashuka majini kwa kishindo, na mzee wa upondo kugeuka kunitazama, mtumbwi ukapinduka na Mwalimu ndani yake. Nikateremka nikikimbia, na wenye akili wakawa wanawavuta waliomo majini. Mwalimu na mzee wa upondo wakatolewa wamelowa, kofia ya Mwalimu imekwenda na maji. Jilo akatolewa na Guyo, aliyemkamata mkono alipoibuka. Mamba hakuonekana. Lakini Jilo alikuwa amechomwa na kisiki chini ya maji, unyayo umepasuka, damu inamchuruzika, anatetemeka, na aliponiona alicheka tu, akasema, "Kumbe uko."

Mwalimu akanishika mabega. Maji yanamtiririka, na machozi pia. "Komora! Ulikuwa wapi?"

Na mimi, badala ya kusema nililala, nikafungua mdomo nikasema, "Nilikuwa nikiomba, Mwalimu."

Mwalimu akainua mikono juu. "Mnaona! Ameitwa asisikie, kwa kuzama katika maombi! Kaeni chini ndugu zangu, kaeni. Komora, tuambie. Mungu amekuambia nini?"

Watu wakakaa kweli, wenye maji na wenye matope, wakanikazia macho. Nikakohoa. Nikasema, "Mungu ameniambia..." Nikakohoa tena. Yale majibu yote niliyokariri yalikuwa yamenitoroka, sikuona hata mkia wa moja. Guyo akanisogelea, akainamisha kichwa, akanitazama shavuni kwa makini kama anavyotazama alama ya ng'ombe.

"Huyu hapana omba," akasema. "Huyu nalala. Tazama uso. Mkeka iko."

Nikajishika shavu. Ukili wote wa mkeka ulikuwa umejichora pale, mstari kwa mstari.

Kabla kicheko hakijaanza, Shangazi akasimama, akaenda shambani. Alipoingia tu, ndege wakainuka wengi mpaka jua likafifia. Akarudi na bua mkononi, shuke tupu, bila hata punje. Macho yamemvimba kwa ugonjwa na kwa kunililia mimi. Akasimama mbele yangu, watu wote wanatazama.

"Komora. Mungu alikuumbia nini sijui. Mimi nilikuweka pale ufukuze ndege."

Hapo watu walicheka, wee! Walicheka mpaka wakaanguka, nadhani na woga nao ulikuwa unawatoka. Mwalimu hakucheka. Alikamua shati lake, akasema polepole, "Kesho usisimame," akaondoka.

Jumapili ile nilikaa nyuma, nikawaona wenzangu wakibatizwa. Jilo alibebwa mgongoni na kaka yake kwa sababu ya mguu, akajibu swali kwa maneno mawili matatu ambayo hata hayakusikika vizuri, akabatizwa. Baadaye nilimpelekea uji, nikamwuliza, "Jilo, uliona nini mpaka ukaruka mle? Ungeliwa!" Akafikiri (alikuwa mzito wa kujibu). Akasema, "Niliona Shangazi yako analia."

Mwaka ule tulikula ndizi na samaki, na mpunga kidogo tuliopewa na watu, na kila tonge Shangazi aliniandalia bila kunisimanga, jambo ambalo lilinikaa kooni kuliko mwiba. Nilibatizwa mwaka uliofuata. Mwalimu aliponiuliza lile swali mbele ya kanisa, nilisema sijajua, ila kwa sasa namlimia Shangazi. Akachota maji, akanibatiza.

Nami niliapa kitu kimoja, nakishika mpaka leo. Mtu akiita jina langu, naitikia mara ya kwanza, hata nikijua ananiita anitume, hata nikiwa nasifiwa upande wa pili wa ukuta nao hawajui kuwa nawasikia. Hapo ndipo ninapopiga kelele zaidi: "Niko hapa!"