Mama Yake Bwana Shuka

Sogeza kiti, msikilizaji wangu, maana jambo hili lina kona kadhaa, na linaanza na njugu.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, wauza njugu wa Kitale wamerudia karatasi. Juzi nilinunua kifurushi sokoni, nikakifungua nikiwa bado natembea, na harufu ikanipanda puani kabla sijatia hata punje mdomoni: njugu zilizokaangwa kwa chumvi, na chini yake harufu ya wino wa kale ulioanza kulegea kwa joto. Nilisimama pale pale. Kijana wa mkokoteni wa viazi akanipigia kelele nyuma, "Mzee, si utoke kwa njia bana!" Nikatoka. Lakini mimi tayari nilikuwa nimerudi Bumula, mtoto wa darasa la nne, miguu imejaa vumbi, nasoma karatasi yenye mafuta zaidi ya ninavyokula njugu zenyewe.

Nikueleze. Pale Bumula, karibu na kinu cha kusagia mahindi, palikuwa na mama aliyefunga njugu zake kwa kurasa za majarida yaliyokuja na marobota ya nguo kuukuu. Kuna wakati alipata rundo la komiki, vile vitabu vya picha vya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Hakujua ni nini na hakujali. Alichana ukurasa, akaukunja kama pembe, akatia njugu. Basi mimi niliujua ulimwengu wa mashujaa hivyo: ukurasa mmoja leo, mwingine kesho kutwa, wa mwisho kabla ya wa kwanza, na doa la mafuta penye uso wa mtu.

Shujaa wetu alivaa joho jekundu lililoning'inia hadi visiginoni. Hatukuwa tumeona joho, ila tulikuwa tumeona shuka za kitanda, kwa hiyo tukamwita Bwana Shuka. Aliweza kumsikia mtu anayemwita kutoka ng'ambo ya dunia, na kusukuma mlima kwa bega. Adui yake alikuwa na mkono wa kioo cha kijani, na kosa lake kubwa lilikuwa kumfungia mama yake Shuka chini ya mlima. Sisi tuliamua mlima wenyewe ni Masaba, yaani Elgon, huo wa kwetu, kwa kuwa hatukuujua mwingine.

Ninaposema "sisi" nina maana ya mimi na Nekesa, binamu yangu. Nekesa alikuwa mdogo kwangu, mwembamba, mwenye macho ya kuuliza. Alikuja kukaa nasi kwa kukhu, yaani nyanya yetu, msimu ule senge Agneta alipolazwa hospitalini mjini Bungoma. Senge ni dada ya baba. Kwangu alikuwa shangazi, kwa Nekesa alikuwa mama, na mzazi pekee aliyebaki. Watoto hawakuruhusiwa wodini. Watu wazima walirudi kutoka kumwona wakaongea kwa sauti ya chini jikoni, na tulipoingia wakaanza kusifu mvua.

Nekesa akaacha kula. Kukhu alimshikia kikombe mdomoni, akisema, "Mgonjwa haulizwi uji," na Nekesa akajibu, "Mgonjwa si mimi, ni mama." Kitu pekee kilichomfanya asahau kufunga mdomo kilikuwa hadithi ya Shuka. Nilipanga kurasa zangu sakafuni, nikamsomea kwa Kiingereza changu cha darasa la nne, na penye pengo nikaziba mwenyewe. Alitafuna huku akisikiliza. Kukhu akaona, akaanza kuninunulia njugu bila kuombwa.

Siku moja Nekesa aliniambia jambo, akinong'ona kama anayetoa siri ya serikali. "Shuka akimtoa mama yake, na wangu atatoka."

Nikatazama kurasa zangu. Ukurasa wa mwisho niliokuwa nao ulimwonyesha Shuka ameweka bega mlimani, jasho linamtiririka. Baada ya hapo, hakuna kitu. Mama wa njugu alikuwa ameshahamia kwenye kurasa za urembo na mapishi.

Kisha filamu ikaja.

Hapa tena nikueleze, hasa wewe uliyekulia na simu mkononi. Vidio ilikuwa nyumba ya mabati yenye mabenchi, televisheni juu ya meza, na jenereta nje ikinguruma. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, lakini hakuna aliyekuja kusikiliza Kiingereza. Tulikuja kumsikiliza dijei, mtu aliyekaa kando ya televisheni na maikrofoni, akatueleza kila kitu kwa Kiswahili chetu. Wa kwetu alikaa juu ya kreti ya soda, kwa hiyo aliitwa Kreti. Kwenye ubao wa nje aliandika kwa chaki kwamba Jumamosi mchana ataonyesha shujaa wa joho, na akamchora. Nekesa aliuona ubao ule, na siku hiyo alikunywa uji wote ili kukhu asipate sababu ya kumkatalia.

Mimi ndiye niliyekwenda na hofu. Kama mwisho ni mbaya, nitafanya nini na mtoto huyu?

Kabla haijaanza, Nekesa alisimama juu ya benchi. "Dijei! Mamake atatoka?"

Watu wakacheka. "Ala! Wee mtoto, kaa chini, hata haijaanza!"

Kreti alimtazama. "Wewe ni wa nani?"

"Wa Agneta."

Kicheko kikafa. Bumula ni ndogo. Kila mtu alijua Agneta yuko wapi. Kreti akakohoa kidogo kwenye maikrofoni. "Kuja ukae hapa mbele," alisema. "Tutaona pamoja." Nikamfuata Nekesa hadi benchi la mbele.

Dakika chache tu nami nilikuwa nimekasirika. Joho lilikuwa jeusi. Mkono wa kioo ulikuwa wa chuma. Shuka wa filamu alikuwa na mchumba ambaye hakuwa kwenye ukurasa wangu hata mmoja.

"Ati shuka yake nyekundu imeenda wapi?" Nekesa akauliza kwa sauti.

"Imefuliwa," Kreti akajibu bila kusita. "Iko kwa kamba. Hii ni ya kazi."

Ukumbi ukaridhika. Mimi sikuridhika, na nadhani siku hiyo ndipo nilipozaliwa kama shabiki, maana shabiki ni mtu anayenung'unika akiwa ameketi mbele kabisa.

Mlima ukapasuka. Shuka akaingia ndani ya vumbi, akatoka amembeba mama yake mikononi. Macho ya mama yalikuwa yamefungwa. Muziki ukawa wa taratibu. Nekesa alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

"Amezimia!" Kreti akapaza sauti juu ya ule muziki. "Hewa ya chini ya mlima, watu wangu, si mchezo. Huyu anataka upepo tu."

Picha ikabadilika. Jeneza. Watu wamevaa nguo nyeusi, miavuli juu, mvua inanyesha. Shuka anadondokwa na machozi.

Fundi wa baiskeli, aliyeketi nyuma yetu, akasema, "Kreti, si huyo ni mama amekufa?"

"Nani ameshika maiki, mimi ama wewe?"

"Lakini akta, Shuka mwenyewe, analia!"

"Analia kwa furaha. Hapo ni yule mkora anazikwa. Fundi, wewe umewahi ona mazishi ya mtu mzuri yako hivyo? Hesabu watu. Wako wachache kama foleni ya choo! Hakuna nduru. Hakuna sufuria, hakuna ng'ombe, hakuna hata hema. Mama wa mtu kama Shuka azikwe na watu wamenyamaza hivyo, na waende nyumbani bila kula? Wacha mchezo."

Fundi akatazama mbele tulipoketi, akasema polepole, "Hiyo ni kweli. Hiyo ni mazishi ya mkora." Na sauti nyingine nyuma zikaitikia, "Kweli kabisa."

Nami nikaamini. Hoja ilikuwa nzito: kwetu msiba hujaza boma mpaka barabarani. Mwishoni Shuka alionekana ameketi peke yake nyumbani, na Kreti akatujulisha kwamba mama yuko jikoni anasonga ugali, hasikiki kwa sababu mlango umefungwa.

Nekesa alikula usiku ule, na kesho yake, na siku zilizofuata. Senge Agneta alirudi nyumbani baada ya mahindi kuvunwa, amekonda, kitambaa kichwani, akitembea taratibu kama anayepima udongo. Waliomponya ni wauguzi na madaktari, na nisingependa umwambie mtoto vinginevyo. Ila Nekesa alimpokea akiwa na nguvu za kumkimbilia, na hilo si dogo.

Miaka ikapita. Nilipokuwa tayari mtu mzima mwenye kazi yangu Kitale, niliiona filamu ile kwenye simu, kwa Kiingereza chake mwenyewe. Mama yake Shuka alikuwa amekufa. Alikufa mikononi mwa mwanawe, akazikwa chini ya ile miavuli, na pale nyumbani Shuka alikuwa anazungumza na kiti kitupu. Niliirudia sehemu ile ya mazishi mara kadhaa, nikitafuta nduru.

Nikampigia Nekesa, ambaye naye anaishi Kitale na watoto wake. "Nekesa, mama yake Shuka alikufa."

"Najua. Niliiona nikiwa kidato cha pili."

"Na hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa unaisimulia kwa furaha sana kila Krismasi. Nikasema, wacha tu, atasikia vibaya."

Tulicheka mpaka senge, aliyekuwa amemtembelea binti yake, akauliza nani ameolewa.

Baadaye nikamkumbuka fundi wa baiskeli. Utotoni nilidhani ameshindwa hoja. Sasa najua kwamba aliona alichoona, kisha akamtazama mtoto wa mbele. Nyumba nzima ya mabati ilijua. Watu wazima waliokuja kustarehe Jumamosi yao walikubali, bila kikao, kuudanganya mwisho wa filamu yao wenyewe kwa ajili yake.

Ndiyo maana siku hizi, mashabiki wenzangu wanapogombana kuhusu filamu mpya, mimi huwa mpole kidogo. Sisemi sina malalamiko. Filamu za sasa zimejaza mashujaa kama harusi yenye wasemaji wengi: kila mmoja lazima apewe dakika, na bwana harusi anasahaulika. Komiki zenyewe zinamuua shujaa leo na kumfufua kabla matanga hayajaisha, hata kifo kinakosa uzito. Lakini neno "haiko kama kitabuni" nimelipunguza sana. Mimi huuliza imebadilishwa kwa ajili ya nani. Wakibadilisha ili kuacha nafasi ya filamu ya tatu, nanung'unika. Wakibadilisha kwa sababu kuna mtu ukumbini anayehitaji kuona jambo fulani, nawapigia makofi hata kama joho ni jeusi. Na vijana wetu wanaochora komiki zao na kuziweka mtandaoni, kama yule aliyemchora shujaa msichana mwenye gamubuti akipanda Masaba, nawasoma huku natabasamu peke yangu. Nekesa hubishana nami juu ya yote haya kwa simu, na mara nyingi hushinda.

Kreti hakuwa na uwezo wa kusimamisha filamu; foleni ilikuwa nje na jenereta ilikunywa mafuta. Ilibidi ajibu huku picha zinakimbia. Wewe unao kitufe. Mtoto akikuuliza swali katikati ya filamu, kibonyeze, mgeukie, mjibu mpaka atosheke, kisha endeleeni kutazama.