Siku Nilipouza Kengele ya Kanisa

Naandika haya nimejifunika kanga usoni ingawa chumbani niko peke yangu, maana nikikumbuka tu masikio yanapata moto.

Likizo hii naokota vitu vilivyotupwa na kuviuza (madumu, chupa, sufuria zilizotoboka), na nimegundua kwamba ringi ya gari ukiipeleka kwenye chuma chakavu unapewa hela ya pipi, ila Fundi Shija, mtengeneza majiko wa hapa Mabwerebwere, analipa vizuri. Mama aliniruhusu kwa sharti: "Siku nikisikia umeokota cha mtu, biashara imekufa."

Basi Ijumaa napita nyuma ya kanisa letu, naona ringi ya lori imelala kwenye majani, ina kutu, na pembeni Mzee Mkude, mzee wa kanisa, amenipa mgongo, anaongea na wenzake watatu. Nikataka kumuuliza, lakini mimi mbele ya watu wanne sauti inapotea kabisa, nikaona aibu, nikaiviringisha kimyakimya mpaka kwa fundi. (Kengele yetu ni ringi inayoning'inia mbele, kwenye mwarobaini. Hata sikuinua macho kuangalia kama bado ipo!)

Jumapili kengele haikulia, kwaya ikafika mahubiri yako katikati, na Mzee Mkude akasimama.

"Kamba ilikatika, kengele nikaiweka nyuma nikatafute waya. Nani kaiona?"

Nikainama kufunga viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

"Jamani," Fundi Shija akasema, "isije ikawa ile aliyoniuzia Neema? Mbona imeshakuwa jiko!"

"Jiko lipi?" mama mchungaji akadakia. "Hilo nililonunua jana?"

Kanisa zima likanigeukia, halafu likaangua kicheko. Mama hakucheka.

"Biashara imekufa," akaninong'oneza.

Mzee Mkude akafuta machozi ya kucheka. "Basi mjukuu wangu, mpaka ipatikane nyingine, kengele ni wewe."

Jumapili iliyofuata, asubuhi, nimesimama barabarani: "Ibada jamani..." Sauti ya kifaranga. Jirani yetu Bi Zuhura alikuwa anakaanga vitumbua, nikamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, hiyo kengele ina mafua? Mimi msikitini kwangu kule, lakini kengele yenu ndiyo inanihimiza niwahi wateja! Gonga!"

Nikacheka, na kicheko kikaivuta sauti: "IBADAAA!" Mbuzi wakatawanyika.

Wiki ya tatu nikaenda Mikumi, mjomba ana gereji barabarani, nikaona ringi imeegemezwa ukutani. Nikamuuliza mjomba ni ya nani, akasema yake, nichukue. Nikamuuliza fundi wake, kisha mlinzi.

"Neema!" mjomba akaita. "Mara tatu? Unachukua ringi au unatangaza ndoa kanisani?"

Ringi mpya ilipoanza kulia, Mama akanirudishia biashara. Sasa hata chupa tupu siigusi kabla sijaiinua na kupaza sauti, "Hii ya nani?", na wanaonicheka wacheke tu. Ila kila baada ya ibada mama mchungaji anatuchemshia chai juu ya ile kengele ya zamani, nami huwa wa mwisho kunyoosha kikombe.