Bado Mwaka Mmoja

Mzee Nallasivam alikuwa mwanasheria hodari. Hilo hata waliomchukia hawakulikana. Miaka ishirini na sita aliongoza idara ya sheria ya kiwanda cha pampu za maji pale Coimbatore, na mkataba ambao haukupitiwa na kalamu yake ya wino wa kijani haukutoka getini. Kulea watu ndiko kulikomshinda. Na ubaya wenyewe ni kwamba alijiona mlezi.

Poongodi alimjia akiwa na miaka ishirini na saba, mtoto wa fundi cherehani wa Pollachi, mkimya, macho makali. Mwaka wa kwanza mzee alimjazia kijani kila ukurasa. Mwaka wa pili alikaa na mkataba wa binti asubuhi nzima, akautafutia kosa mpaka kahawa ikapoa. Wapi! Basi akafuta "endapo", akaandika "iwapo", akamrudishia.

"Umejitahidi," akamwambia. "Lakini bado, mama. Bado."

Mwezi huohuo tawi la Chennai likaomba mwanasheria wa kwenda kuongoza idara yao. Barua ilimfikia mzee peke yake. Akaisoma mara mbili, akatazama mlundo wa mafaili, akamtazama Poongodi kupitia kioo cha ofisi yake, moyo ukamwenda mbio. Akiondoka huyu, nani atafanya kazi? Kwenye fomu ya tathmini ya mwaka, pale panapouliza kama mtumishi yuko tayari kwa cheo cha juu, akaandika: Bado. Anahitaji mwaka mmoja zaidi chini ya uangalizi. Barua ya Chennai akaijibu kwa maneno hayohayo. Poongodi akaisoma fomu, akatia saini chini yake kama inavyotakiwa, na tangu siku hiyo akawa anabaki ofisini wenzake wakiondoka, anajisomea.

Uongo wa kwanza ndio wenye jasho. Machi iliyofuata mzee aliyaandika maneno yaleyale akiwa amesimama, hata kiti hakuvuta. Ukapita mwaka wa nne, wa sita, wa tisa. Binti aliandika mikataba, mzee akapanda ghorofani kuieleza bodi. Wakurugenzi hawakuijua hata sauti ya Poongodi. Hebu niambieni, mtu atajifunzaje kuogelea ikiwa kila siku anakalishwa ukingoni kushika nguo za mwenziwe?

Umri wa kustaafu ukabisha hodi. Bi Yazhini, binti wa mwenye kiwanda, aliyeshika uongozi baada ya baba yake, akamwita mzee ofisini.

"Mzee wetu, unatuachia nani?"

"Poongodi," alijibu bila kupepesa. "Hakuna mwingine, mama. Mambo ya kiwanda hiki anayajua kuliko mimi."

Bi Yazhini akafungua faili, akaanza kusoma kwa sauti. "Bado, mwaka mmoja zaidi. Bado, mwaka mmoja zaidi. Bado..." Akainua macho. "Mara nane, mzee! Huyu ni mwanasheria au embe la kuvundika?"

Mzee akacheka.

"Sitanii. Nikilipeleka jina lake, bodi wataniuliza: mkubwa wake mwenyewe kamkataa mara nane, wewe umeona nini? Niwajibuje? Mkweli ni mzee wa leo, au yule wa kwenye faili?"

Hapo, jamani, ilitakiwa sentensi moja tu: Nilidanganya ili abaki kwangu. Mzee alikuwa nayo ulimini. Lakini wiki mbili mbele kulikuwa na sherehe ya kumuaga, shali ya heshima imeshanunuliwa, na watu wangemsemaje kiwandani? Akaimeza.

"Mwaka huu amekomaa, mama," akasema.

Aibu yako, mzee! Nakupenda, lakini aibu yako.

Wakamleta bwana mmoja kutoka Bengaluru, mwenye tai na maneno mengi, ambaye hajawahi kuona pampu ikifunguliwa. Poongodi ndiye aliyepewa kazi ya kumwelekeza.

Miezi mitatu mzee alivumilia nyumbani. Majuto ni mjukuu, na wa kwake hakukawia kuzaliwa: chakula hakipiti, gazeti halisomeki, mkewe akimsemesha anaitikia vingine. Mwisho akaenda, saa ya chakula cha mchana, kumngoja Poongodi kwenye mgahawa unaotazamana na geti la kiwanda.

"Mzee! Mbona umekonda hivyo? Mama hakupikii?"

"Ananipikia. Keti, mwanangu."

Akamweleza yote: barua ya Chennai, fomu, na ile sentensi aliyoimeza mbele ya Bi Yazhini. Hakujitetea, na hilo nampa. Poongodi alisikiliza huku akiimimina kahawa yake kutoka kikombe hadi kibakuli na kuirudisha, kuipoza. Ilishapoa, bado anaimimina.

"Kwa hiyo nilikuwa tayari tangu lini?"

"Mwaka wa pili."

"Wa pili," akarudia.

"Nisamehe, mwanangu. Nitamwandikia Bi Yazhini leo hii, nimwambie ukweli wote."

"Andika, mzee." Sauti yake haikupanda. "Ila mwaka wa tano kampuni moja ya Madurai walinifuata mpaka nyumbani kwa baba. Walitaka kunipa idara nzima. Baba alilia kwa furaha, akaanza kuwaita majirani. Mimi nikawarudisha."

"Uliwarudisha? Kwa nini?"

"Nilikuamini. Niliwaambia bado, nahitaji mwaka mmoja zaidi."

Kengele ya kiwanda ikalia. Poongodi akavaa kitambulisho chake shingoni, akamuaga mzee kwa adabu, akavuka barabara kwenda kumwelekeza bosi wake.