Tulivyokwenda Kuitazama Nyumba ya Mama Mkwe

Mume wangu alizaliwa katika kijiji kimoja cha Uingereza, ndani ya nyumba ya mawe yenye mlango mfupi uliomlazimu kuinama tangu ujanani. Nilikutana naye Lubumbashi alikokuwa akifundisha, tukaja kuishi Ixelles, mtaa mmoja wa Brussels, kwenye fleti ya ghorofa ya nne karibu na Porte de Namur. Miaka yote hiyo alisema Brussels ni mahali pa kazi tu. Akistaafu, tungehamia kijijini kwao.

Mama yake alipofariki, nyumba iliuzwa. Walizaliwa watatu, na wenzake wawili walitaka kila mmoja apate fungu lake. Sisi hatukuwa na uwezo wa kuwalipa, watoto wetu walikuwa bado shuleni. Akajipa moyo kwamba baadaye tutanunua nyingine, hata kijumba cha nyuma ya kanisa. Ikawa kila Jumapili anafungua kompyuta kutazama nyumba zinazouzwa kule. Kila tulipoweka akiba, bei zilikuwa zimeshatuacha. Watu wa London walikuwa wamekipenda kijiji, wakinunua nyumba za kupumzikia mwisho wa wiki. Shule ikafungwa, kisha duka. Kila nyumba ilipouzwa, aliniambia nani alikuwa akiishi pale na alikufa kwa ugonjwa gani.

Mwaka aliostaafu, nyumba ya mama yake ikatangazwa tena. Nilimwambia hatuiwezi. Akasema anajua, ila anataka kuingia ndani mara moja tu, na madalali hawamwingizi mtu asiyekuwa mnunuzi. Basi tukajifanya wanunuzi, tukapanda treni Gare du Midi asubuhi, yeye amevaa koti lake la kuendea harusini.

Dalali alikuwa msichana mwenye adabu. Alinieleza mimi kila kitu polepole, akidhani mgeni wa kueleweshwa ni mimi. Hakujua chochote kuhusu mume wangu, naye hakumwambia. Mlango wa mbele ulikuwa umeinuliwa, lakini mume wangu aliinama vilevile alipoingia. Msichana akamuuliza kama mgongo unamsumbua. Akajibu kwamba ndiyo, kidogo.

Jikoni ukuta ulikuwa umebomolewa ili mwanga uingie. Ghorofani tukaonyeshwa bafu la vigae vyeupe.

"Hapa palikuwa na kijichumba kisicho na maana," dalali akasema. "Kukigeuza bafu kumeiongezea nyumba thamani sana."

Ndicho chumba alichozaliwa mume wangu. Aliuliza kama dirisha bado linafunguka. Msichana hakujua. Akalisukuma mwenyewe, likagoma, akalisukuma tena. Nilimshika mkono, tukashuka.

Tulipokuwa tumekaa kituoni tukisubiri basi, nilimuuliza kwa nini hakumwambia yule binti.

"Angenipa pole," akasema. "Sikutaka pole ya mtu anayeuza."

Nyumba ilipata mnunuzi kabla ya mwezi kwisha. Wifi yangu, anayeishi mji wa jirani na kijiji kile, alitupigia simu kutueleza kwamba wenyewe wapya walikuja kuchukua funguo na tangu siku hiyo mapazia hayajafunguliwa. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru dada yake, akaweka simu mezani. Jumapili ile hakufungua kompyuta, wala nyingine zilizofuata. Alikaa dirishani akitazama mabasi ya barabara ya Chaussée d'Ixelles yakipita na mvua. Huzuni yake ya maneno nilikuwa nimeizoea. Hii ya kimya sikujua niishike wapi. Hata nyumba ya baba yangu kule Lubumbashi iliuzwa nikiwa huku, lakini sikuona kwamba ni wakati wa kumkumbusha hilo.

Mchana mmoja tukiwa tunakula, alinisemesha kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Siku hizo nyumbani tulizungumza zaidi Kifaransa, na Kiswahili alikiweka kwa mambo mazito.

"Maman, utaona mubaya tukitafuta nafasi ya kaburi hapa hapa? Ya sisi wawili."

Nilimwambia sioni ubaya. Akaitikia kwa kichwa, akaomba nimwongezee bukari, ugali wa kwetu. Nilimpa, lakini hakuimaliza.