Waitara Hahesabu Watu

Waitara hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake. Kwao Busawe, baba yake alimfundisha kwamba chenye uhai hakinyooshewi kidole na kutajiwa idadi. Jioni unasimama mlangoni pa zizi, unaangalia sura zikipita, na asiyepita utamjua. Kwa watu ni vivyo hivyo. Ukimwuliza Waitara ana watoto wangapi, anakutajia majina yao.

Mkewe Sarah alipofariki mwezi wa tatu, akawa hazungumzi. Alikwenda kanisani, akarudi, akafungulia ng'ombe, akafunga mlango. Ndipo mpwa wake Benedicto, mwalimu wa Turwa ambaye kila likizo hukusanya watu wa kusafiri na mabegi mgongoni, alipomjia.

"Shikamoo mjomba. Chukua nguo mbili tatu, tunakwenda Mafia."

"Marahaba. Kufanya nini?"

"Kuangalia samaki."

"Samaki si wako Musoma?"

"Wa Musoma tunawala, mjomba. Hawa tunawaangalia tu."

Waitara aliona ni upuuzi mtupu. Lakini nyumba ilikuwa kimya mno, akakubali.

Kisiwani walilala kwenye mahema. Wenzake wote walikuwa vijana, na walimheshimu sana. Akisogea walipokaa, walinyanyuka, wakamwamkia, wakampa kiti kizuri, kisha kicheko chao kikakatika mpaka alipoondoka. Aliona heri wangemtania. Asubuhi alisali peke yake mchangani, akimwuliza Mungu amemleta huku kufanya nini.

Siku ya tatu boti iliwapeleka kwenye matumbawe. Waitara alivalishwa jaketi la kuokolea, miwani mikubwa na mrija wa kupumulia, akashika kamba ya boti na kutumbukiza uso. Chini yake samaki wa manjano walipita kundi zima, wakageuka pamoja kama ng'ombe waliosikia mbinja. Akafungua mdomo kusema, "Sarah, ona!" Maji ya chumvi yakamjaa kooni.

Walimvuta ndani akikohoa. Christina, muuguzi mcheshi, alijisahau akamtania: "Mzee, umeibakizia bahari kitu kweli?"

"Nimewaachieni kidogo," alisema, na kwa mara ya kwanza wakacheka mbele yake. Hakuwaambia alikuwa akimwita nani.

Upepo ukaanza kuvuma. Boti nyingine ya wageni ilikuwa imetia nanga karibu, na waogeleaji wa pande zote mbili walikuwa wakipanda juu harakaharaka. Nahodha akawasha injini.

"Hesabu watu wako, mwalimu!"

Benedicto alipitisha kidole. "Wanane. Tumetimia. Twende!"

Boti ikageuka. Waitara aliangalia nyuso, moja baada ya nyingine, kama alivyozoea. Kwa aliyejifunika taulo, miwani bado usoni, jicho lake likagoma.

"Simamisha," alisema.

"Mjomba, tumetimia. Nimehesabu mwenyewe."

"Huyu si wetu."

Kijana yule akavua miwani, uso umemshuka. "Samahani jamani, nilidhani ndiyo boti yetu." Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni.

"Wegesa," Waitara alisema. "Wegesa hayupo."

Wegesa alikuwa fundi cherehani wa Sirari, mpole, aliyekuja bila rafiki. Hakuna aliyekumbuka kumwona tangu waingie majini. Boti ilirudi ikizunguka matumbawe, mawimbi yakizidi, na Waitara amesimama mbele, midomo ikisali, macho hayapepesi. Upande wa pili akaona mkono, kisha kichwa. Alikuwa ameshikwa na mkakamao wa mguu, sauti imemkauka kwa kuita.

Walipomwingiza, alilia huku akigombana. "Mliniwacha! Si niliwaona mkienda!"

"Nilihesabu, dada," Benedicto alisema. "Wallahi nilihesabu."

Ufukweni Wegesa alimfuata Waitara, blanketi mabegani.

"Mzee, ulinijuaje? Hata hatujawahi kuongea."

"Unakaa mwisho wa benchi, uso umeelekea nje," alisema. "Ukipewa chakula unashukuru mara mbili. Mtu wa hivyo nisipomwona, namkosa."

Wegesa aliinama, akachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Nyumbani nilikuwa nimewaambia nimekuja na marafiki."

"Mimi nimekuja na mpwa wangu," Waitara alisema, "na bado nilikuwa peke yangu."

Kutoka mahemani waliitwa kula. Hawakwenda mara moja. Wegesa akamwuliza Sarah ni nani, maana alimsikia akilitaja jina hilo usingizini kwenye basi. Waitara akaanza kumweleza, tangu siku ile alipomwona mara ya kwanza akichota maji, mpaka alipofika mwezi wa tatu, akashindwa kuendelea.