Ng'ombe wa Mama Mdogo, Nyuki wa Mama

Nilipokuwa mtoto, Buhongwa ilikuwa bado mashamba, na baba yangu alikuwa na wake wawili: mama na Mama Mdogo Kabula. Baba alipopunguzwa kazi kiwandani, wakati ule viwanda vya umma vinauzwa, alinunua ng'ombe mmoja wa kisasa kwa kiinua mgongo chake. Akamkabidhi Mama Mdogo. Jioni ile mama alisonga ugali kwa kishindo.

Msimu huohuo kundi la nyuki likaingia lenyewe kwenye ukuta wa jiko letu. Bibi, mzaa baba, alifurahi sana.

"Hao ni wageni wa mababu, mkwe wangu. Usiwafukuze. Na usinung'unike karibu nao. Nyuki wakisikia wivu, wanahama kwa hasira."

Mama angewezaje? Kila asubuhi alisimama mlangoni akimtazama mwenzake akikamua.

"Mwenzangu kapewa mnyama, anacheua, anaitwa kwa jina akageuka. Mimi nimepewa wadudu. Nani kamwita nyuki akaitika?"

Nami niliona wivu pamoja naye. Watoto wa Mama Mdogo walikuja shuleni na alama za maziwa midomoni. Asali yetu ilikuwa tamu, lakini kwa wivu hatukuuonja utamu wake.

Mchana mmoja wa jua kali, Mama Mdogo akiwa kisimani, nyuki walitoka ukutani wote, wakamvamia ng'ombe pale alipofungwa.

"Nilisema mimi!" Bibi alipiga kelele kutoka ndani.

Ng'ombe alijibwaga chini akilia, kamba ikimkaba. Mama alitazama tu. Nakumbuka alivyotazama, kitambo kirefu. Kisha akajifunika kanga, akashika panga, akaingia katikati ya nyuki na kuikata ile kamba. Ng'ombe akatimka kuelekea bondeni.

Uso wa mama ulivimba hata macho hayakuonekana. Mama Mdogo alipiga magoti kando ya kitanda chake.

"Dada, ungeweza kumwacha."

"Ningeweza," mama alisema. "Na bado naona alipaswa kuwa wangu."

Bibi alikufa akiamini kwamba nyuki walisikia. Mimi sijui nyuki husikia nini. Ila kwa miaka mingi nilidhani mtu humtendea wema anayemwonea wivu baada ya wivu kwisha. Nimeolewa, nimeonja wivu wangu mwenyewe, ndipo nikamwelewa mama: hakungoja wivu uishe ndipo akimbilie kuikata kamba.